Kuta za Vituo Vyetu Zisiwe Bubu

Mwananchi wa kawaida hana nafasi nyingi za kuingia katika nyumba ya makumbusho. Makumbusho mengi yako katika miji mikubwa, nayo hufunguliwa saa zile ambazo yeye yuko shambani, kiwandani au safarini. Lakini ni nadra kumpata mwananchi asiyewahi kukaa katika stendi ya mabasi au stesheni ya gari moshi. Hapo hukaa saa nzima, na mara nyingine kutwa, mzigo wake u miguuni, akitazama mbele. Na mbele yake pana ukuta. Basi sisi twauliza: ukuta huo wamwambia nini?

Katika vituo vyetu vingi ukuta wamwambia kwamba ni marufuku kukojoa hapo. Wamwambia asibandike matangazo. Wamwambia ya kuwa kampuni fulani yauza muda wa maongezi kwa bei nafuu kuliko jirani yake, au kwamba soda fulani yakata kiu kuliko maji. Maonyo hatuyakatai, na biashara ina mahali pake. Lakini ukuta wa umma, uliojengwa kwa fedha ya umma, ambao hauna neno hata moja kuhusu watu wenyewe walioujenga na wapitao mbele yake, ni ukuta bubu. Nia yetu leo ni kusema kwamba wakati umefika wa kuzipa kuta hizo sauti, kwa kuzichora picha za urithi wa wananchi, na ya kuwa kazi hiyo ina hatari zake ambazo yatupasa kuzijua kabla ya kuchovya brashi katika rangi.

Jambo hili lahusu nchi nzima. Twalielekeza katika mkoa wa Singida kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mkoa huu ni njia panda ya Taifa. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza hupita Singida. Na yatokayo Arusha kwa njia ya Babati hukutana nayo hapo hapo. Aidha reli mpya ya kisasa, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024 kwa safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, haikukusudiwa kuishia Dodoma. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwishoni mwa mwaka 2021, na kipande hicho kinapita Manyoni na Itigi, katika ardhi ya Singida. Stesheni mpya maana yake ni kuta mpya. Sababu ya pili ni kwamba mkoa huu na jirani zake ni nchi ambayo watu wake walichora picha ukutani maelfu ya miaka kabla ya mgeni yeyote kuwaletea brashi.

NJIA YA WENYE MIZIGO

Kwanza tutazame njia yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, ikaingia katika pori lenye kiu lililoitwa Mgunda Mkali, kisha ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi hao, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walichukua mabegani pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya. Na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya mahali inapopendekeza patambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Vitabu vya wakoloni vimejaa majina ya wahandisi. Lakini tuta halikupandishwa na wahandisi. Lilipandishwa kwa majembe, sururu na makarai mikononi mwa maelfu ya Waafrika, na ng'ambo ya pili ya bonde, kuanzia Saranda hadi Manyoni na Itigi, kazi ya kuipandisha reli katika mteremko ule haikuwa kazi ya mchezo. Baadaye Mwingereza naye alijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1940 akaling'oa. Taifa huru likaja kuupa mji wa Singida tawi lake la reli kutoka Manyoni.

Haya ndiyo mambo ambayo msafiri anayesubiri gari Manyoni angestahili kuyaona mbele ya macho yake: mpagazi na mzigo wake, kuli na sururu yake, mama wa Saranda anayeinua sahani ya chakula mpaka dirishani mwa behewa. Watoto wetu wanapita juu ya tuta lililojengwa kwa jasho la babu zao, na hakuna picha hata moja iwaambiayo hivyo. Mtoto asiyeelezwa jambo hili ataamini kwamba reli ililetwa na wageni kama vile mvua iletwavyo na mawingu.

KUTA ZA KWANZA

Wako watakaosema kwamba kuchora kuta ni desturi ya Ulaya na Marekani, na kwamba sisi tunaiga. Hao twawajibu kwa ushahidi wa mawe.

Katika Isanzu, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Mkalama, yapo mapango na miamba iliyoinama ambayo ndani yake mna michoro. Mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Fidelis Masao, alichimba na kuchunguza katika mapango ya Kwa Mwango na Kirumi Isumbirira huko Isanzu, sambamba na mapango mengine ya Kondoa, akachapisha matokeo ya kazi hiyo mwaka 1979. Kondoa yenyewe, jirani yetu wa mashariki, ina mapango yenye michoro yanayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Nayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro mingi ya huko mwaka 1951, na yeye akaitolea kitabu mwaka 1983. Twiga, ndovu, swala, watu wenye nywele zilizopambwa, watu walioshika pinde: vyote hivyo vimo katika kuta za mawe za nchi yetu ya kati.

Na zilichorwa kwa nini? Wachoraji wa kale walisaga ngeu, ule udongo mwekundu wenye chuma ndani yake, wakauchanganya na mafuta. Wale wa baadaye walitumia udongo mweupe. Ngeu ni jamaa ya ile rangi nyekundu ambayo mafundi wetu wa leo huipaka sakafuni, nayo haipauki upesi kwa jua. Ndiyo sababu imedumu.

Desturi hiyo haikufa siku moja. Mtafiti Eric Ten Raa, aliyekaa na Wasandawe, majirani wa Singida, aliandika mwaka 1971 jinsi michoro ya miambani ilivyoungana na maisha ya jamii hiyo iliyo hai. Huko Usukuma, kaskazini, chama cha wacheza nyoka kilichora kuta za nyumba zake ili kuwafunza wanachama wapya, na Hans Cory aliikusanya michoro hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1953. Basi mtu anayesema kwamba picha ya ukutani ni jambo geni katika nchi hii hajatembea, wala hajasoma. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba asiyejua asili yake hana hata cha kuacha.

Lakini kuna fundisho kubwa zaidi katika miamba hiyo, nasi twaomba wasomaji wetu walishike, kwa maana ndilo tutakalolitegemea katika yote yafuatayo. Michoro ya kale zaidi ni myekundu, ya mistari myembamba, kazi ya wawindaji na waokota matunda. Michoro ya baadaye ni myeupe na minene, mingi ikiwa imepakwa kwa kidole, nayo huhusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Na mara nyingi nyeupe imo juu ya nyekundu, katika mwamba ule ule. Watu wa lugha mbali mbali na kazi mbali mbali walifika katika ukuta mmoja, kila mmoja akaweka lake, na alama ya yule aliyetangulia ingali yaonekana chini yake. Huo ni ukuta wa umma wa kweli. Haukuwa wa kabila moja.

JE, TUTAAMSHA UKABILA?

Twajua hofu iliyomo mioyoni mwa wanachama wengi wa Chama, hasa wazee walioipigania nchi hii. Husema: tulifanya kazi ngumu kuwafanya Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wakimbu, Wataturu na Wahadzabe wajione kuwa Watanzania kwanza. Je, leo tuwachoree ukutani kila mmoja na kabila lake, ili kesho waulizane kwa nini picha ya huyu ni kubwa kuliko ya yule?

Hofu hiyo ni ya haki, wala haifai kufanyiwa mzaha. Lakini dawa ya ukabila haikuwa kamwe kuisahau asili. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alifanya hivyo wakati nchi ilikuwa na shida za kila namna: shule chache, madaktari wachache, fedha chache. Hakuona kuwa utamaduni ni anasa ya kungojea utajiri. Aliona kuwa mkoloni alikuwa amewafundisha watu kuzionea haya ngoma zao, na kwamba taifa la watu wenye haya haliwezi kujitawala. Utamaduni aliouzungumza ulikuwa wa kuchukua yaliyo mema katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa fahari ya wote.

Kwa hiyo yafaa tuchague kwa akili kitu cha kuchorwa. Ukichora ukutani mwanamume mmoja mwenye mkuki na ukaandika chini yake jina la kabila, umefanya kibandiko, wala hukufanya picha. Lakini ukichora mwanamke anayeondoa mzinga wa nyuki mtini kwa moshi, kila mkulima wa Itigi, wa Manyoni na wa Ikungi atajiona humo. Ukichora nyumba ya tembe, yenye dari la udongo, utawagusa Wagogo, Wanyaturu na Wanyiramba pamoja, kwa maana wote waliijenga ili kujikinga na jua na upepo wa nchi kavu. Ukichora ngoma za akina mama wa Ugogo, zeze, mtama unaopurwa, ng'ombe wanaonywa katika maji ya chumvi, vitunguu na alizeti, utakuwa umechora kazi. Na kazi haina kabila. Hapo ndipo siasa yetu ya kuwa utu wa mtu hupimwa kwa kazi yake itaonekana kwa macho, bila hotuba.

Na yako mambo ya ushujaa. Katika Makiungu, nchi ya Unyaturu, husimuliwa habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye wenyeji husema aliwatumia nyuki kuwa askari wake. Chama kimekwisha kuonyesha njia: uwanja wake wa michezo mjini Singida, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Namfua, leo huitwa Liti. Ni jambo jema. Lakini maelfu ya vijana wajazao uwanja huo kutazama mpira wanalitaja jina hilo kila wiki, na wengi wao hawajui ni la nani. Jina bila habari yake huwa kelele tu. Ukuta mmoja katika stendi ya Misuna, wenye mwanamke huyo na nyuki wake, ungewafundisha katika dakika tano jambo ambalo jina peke yake haliwezi kuwafundisha katika miaka kumi. Wala Liti si wa Wanyaturu peke yao. Aliyempinga mtawala wa kigeni katika Makiungu aliwapigania pia watoto wa Kiomboi na wa Nduguti, ijapokuwa hawakujuana.

MTU SI PAMBO

Sasa tunafika katika hatari ambayo kwetu ni kubwa kuliko ukabila. Ni hatari ya kumgeuza binadamu kuwa pambo.

Katika kijiji cha Munguli, wilaya ya Mkalama, wanakaa Wahadzabe, sehemu ya jamii ndogo ambayo wengi wa watu wake huishi kando ya ziwa Eyasi. Ni watu wa pinde, wa asali na wa mizizi, nao ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao bado wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuokota. Tangu mwaka 1964 Serikali ilijaribu mara kadhaa kuwakalisha vijijini, na mara kadhaa wengi wao walirudi porini, kwa sababu mashamba na nyumba tulizowapa hazikulingana na maisha waliyoyajua. Wakati huo huo pori lenyewe limekuwa likipungua kwa mashamba na mifugo ya jirani.

Mchoraji akipewa ukuta wa stesheni na kuambiwa achore urithi wa Singida, jambo jepesi kwake ni kumchora Mhadzabe akiwa na ngozi ya nyani begani na upinde mkononi, kama vile wanavyochorwa katika kadi za watalii. Abiria watapita, watacheka, watapiga picha. Na yule Mhadzabe mwenyewe, akipita siku moja hapo kwenda hospitali, atajiona ukutani kana kwamba ni mnyama wa mbugani. Huo hautakuwa urithi. Utakuwa dharau iliyopakwa rangi. Nasi twasema bila kificho: ikiwa hatuwezi kumlindia mtu pori lake, tusijitie kumheshimu kwa kumchora.

Basi sharti la kwanza ni kwamba wenye habari waulizwe. Waulizwe wachorwe au wasichorwe, wachorwe wakifanya nini, na ni mambo gani ya siri ambayo hayafai kuwekwa mbele ya macho ya kila mtu. Zipo ibada za mvua katika Isanzu, na yapo mambo ya unyago na jando katika jamii zote, ambayo wenyewe hawapendi yatangazwe. Nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndani yake hutambua kazi za sanaa za jadi za jamii. Sheria hiyo isiwe kwa ajili ya wanamuziki wa mijini tu. Mzee wa Isanzu anayemsimulia mchoraji habari ya babu zake ametoa mali, kama vile atoavyo mahindi. Astahili shukrani, astahili jina lake kutajwa akipenda, na ikiwa picha hiyo itauzwa katika fulana na kalenda, kijiji chake kipate fungu.

NI ANASA?

Wako pia wafanya kazi watakaotuuliza: vyoo vya stendi ni vibovu, maji hayatoki, abiria ananyeshewa na mvua, nanyi mnazungumza habari za picha? Twawajibu kwamba vyoo ni kwanza, na maji ni kwanza. Halmashauri inayopaka picha ukutani ili kuficha uchafu ulio nyuma ya ukuta inawadanganya wananchi, nasi tutakuwa wa kwanza kuisema. Lakini rangi ya ukuta mmoja ni sehemu ndogo sana ya gharama za kuujenga ukuta wenyewe. Kuta hizo hupakwa rangi hata hivyo. Jambo tunalolitaka ni kwamba fedha ile ile iseme kitu.

Wala hatutakuwa wa kwanza duniani. Mexico, baada ya mapinduzi yake, waziri wa elimu José Vasconcelos aliwaita wachoraji katika miaka ya 1920, akawapa kuta za majumba ya Serikali. Diego Rivera na wenzake wakawachora humo wakulima na wenyeji wa asili ambao kwa karne nne walikuwa wamefanywa kuwa si kitu. Watu wasiojua kusoma walijisoma wenyewe ukutani. Moscow, reli ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 1935, katika stesheni ya Komsomolskaya iliwekwa picha ya vigae ya wale wafanya kazi walioichimba. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1959 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, alichora katika kanisa kuu la Murang'a, Kenya, picha kubwa za ukutani ambazo ndani yake habari za Injili hutokea katika vilima vya Kikuyu, kati ya watu weusi. Waumini waliokuwa wamezoea kuona malaika weupe tu wakaona kwamba habari hiyo yaweza kuwa yao pia.

Katika reli yetu mpya dalili njema zimekwisha kuonekana. Stesheni ya Dar es Salaam imebuniwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, nayo ya Dodoma yakumbusha vilima vya mawe vya huko. Hilo ni umbo la nje. Twaomba sasa na ndani ya nyumba mseme neno, tena neno la wenyeji wa kila stesheni, ili msafiri ajue amefika Manyoni na siyo mahali popote.

TUFANYE NINI

Twatoa shauri kwa mambo manne, nasi twayaweka mbele ya matawi ya Chama, halmashauri zote za mkoa, na shirika la reli.

Kwanza, sehemu ya kuta za kila stendi na kila stesheni iwekwe kando kwa ajili ya picha za wananchi, na isiuzwe kwa matangazo, hata mwenye fedha akija na mfuko mzito kiasi gani. Uamuzi huo uandikwe katika vikao vya halmashauri, ili usibadilishwe kimya kimya siku mkurugenzi akihamishwa.

Pili, kazi wapewe wachoraji wa mkoa, na walipwe. Kila mji wetu una mafundi wanaoandika vibao vya maduka na kuchora ng'ombe katika mabucha. Mikono hiyo ina ustadi. Wanachokosa ni kazi iliyo kubwa kuliko kibao. Kuwaalika wachore bure kwa sababu eti ni uzalendo ni unyonyaji, hata ukifanywa na ofisi ya umma. Na vijana wa shule waandamane nao: wawaendee wazee, waandike habari, wazilete kwa mchoraji. Habari itakayokusanywa hivyo itabaki hata kama picha itafutika.

Tatu, kazi ifanywe kwa ufundi. Lipu ipigwe vizuri na iachwe ikauke kabisa kabla ya rangi. Sehemu ya chini ya ukuta, ambako abiria huegemea na kusugua mizigo, iachiwe rangi moja iwezayo kuoshwa, na picha ianze juu ya bega la mtu. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri upewe rangi za udongo, ambazo babu zetu walikwisha kutuonyesha kwamba hudumu. Na chini ya kila picha yaandikwe maneno machache ya Kiswahili safi, ya kueleza ni nini, ni wapi, na ni lini.

Nne, na hili ni zito: tusiipambe stesheni huku tukiliacha pango liharibike. Michoro ya miambani yalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ile ya Kondoa ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kulindwa tangu mwaka 1937. Hata hivyo wako watu wanaochimba chini ya miamba kutafuta hazina waliyoisikia kwamba Wajerumani waliificha. Wako wanaomwagia michoro maji ili ing'ae katika picha zao, na maji hayo huiondoa kidogo kidogo. Wako wanaoandika majina yao juu ya kazi ya miaka elfu. Picha ya stesheni yaweza kupakwa upya baada ya miaka kumi. Ile ya mwamba ikitoka imetoka. Basi kila ukuta unaochorwa na umkumbushe mwananchi kwamba ule wa kwanza uko kule mlimani, na kwamba kuulinda ni wajibu wake.

Kazi hii si ya Serikali peke yake. Tawi la Chama la Manyoni laweza kuanza na ukuta mmoja. Chama cha wafanya kazi wa reli chaweza kudai kwamba picha ya kwanza ya stesheni iwe ya wale walioshika sururu. Wenye mabasi waweza kuchangia rangi bila kudai jina lao liandikwe juu yake. Wale wachoraji wa Isanzu hawakungoja kamati kutoka mbali. Walichukua udongo uliokuwa chini ya miguu yao, wakaweka ukutani mambo waliyoyajua, na waliokuja baada yao, watu wa lugha nyingine na kazi nyingine, wakaongeza yao pembeni na juu. Sasa zamu ni yetu, na udongo mwekundu ungali upo.